SAFU YA MATEMBEZI: Ras al Jinz, Ugenini kwa Kasa



Baadhi yenu mlio Maskati, na wengine mlio Dubai na Abu Dhabi, mmetuuliza ni wapi panapofaa kuwapeleka watoto wakati wa mapumziko, mahali ambapo si duka wala mkahawa, na ambapo mtoto atarudi na jambo la kusimulia. Mwezi huu naelekeza kidole mashariki, kwenye ncha ya mwisho ya Bara Arabu, pale Bahari ya Oman inapokutana na Bahari ya Arabuni. Pahala penyewe ni Ras al Jinz, sehemu ya hifadhi ya kasa iliyotangazwa kwa amri ya kifalme namba 25 ya mwaka 1996. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 120, na pwani yake ni ya kilomita 42 hivi, pamoja na hori zake mbili. Na hili neno letu hori, kwa wasiojua, ndilo hilo hilo khor mtakalolisoma kwenye vibao vya barabarani kule.

Yapo majabali ya kutazamia bahari, yapo magofu, wapo ndege na mbweha, na yote hayo nitayataja. Lakini nataka niseme mapema kwamba mali kubwa ya hifadhi ile ni giza. Anayekwenda bila kulifahamu hilo huharibu kile kile alichokifuata, na huwaharibia na wenziwe. Kwa hiyo msinilaumu nikilizungumza giza kwa urefu kuliko barabara.

Barabara yenyewe haina shida. Kutoka Maskati hadi Sur kwa njia ya pwani ni kiasi cha kilomita 200, na kutoka Sur hadi Ras al Jinz hazizidi 50. Gari la kawaida linafika bila ya taabu. Mkono wa kushoto mna bahari, mkono wa kulia mna milima mikavu ya Hajar, na njia inapita kati yao kama mtu anayepita baina ya ndugu wawili wasiosemezana. Mtapita shimo la Bimmah, ambapo ardhi imedidimia na maji ya kijani yametuama chini yake, na mtapita mlango wa Wadi Shab. Kisha mtafika Qalhat, na hapo nawasihi msipapite hivi hivi, japo iwe ni kusimama kando ya njia na kutazama. Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, ndiye huyo huyo aliyetoka pwani yetu kwa jahazi akashukia Dhofar, na baadaye akaingia Qalhat kwa miguu akitokea Sur, miguu ikiwa imemvimba kwa mwendo. Kuba la Bibi Maryam lingali limesimama pale juu, na tangu mwaka 2018 mji huo wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtoto anayedhani kwamba pwani hizi mbili zimejuana jana kwa ndege, na aonyeshwe kuba lile.

Baada ya Sur nchi inageuka. Milima inarudi nyuma, na mbele yenu inabaki ardhi tambarare ya mawe na mchanga, yenye migunga michache iliyoinamishwa na upepo, mbuzi wa wenyeji, na ngamia wanaovuka njia bila ya kumtazama dereva. Mbweha wekundu wanaishi humo, na nyayo zao utazikuta asubuhi kando ya mashimo ya kasa, maana yai kwao ni riziki. Paa nao wapo katika nyanda za ndani, hasa kwenye hifadhi ya As Saleel upande wa Al Kamil wal Wafi, lakini asikudanganye mtu kwamba utawaona kwa kupita na gari. Ni waoga, na rangi yao ni ile ile ya mchanga waliosimama juu yake.

Jambo la ajabu katika pwani hii ni kwamba katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati Maskati inachemka kama chungu, huku kuna upepo na ubaridi hata watu wakatafuta mashuka. Sababu yake ni kusi, upepo ule ule tunaoujua sisi. Kusi likivuma kwa nguvu kando ya Bahari ya Arabuni huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Maji hayo ya chini yana rutuba nyingi, ndiyo maana samaki ni tele, kuanzia wadogo wa kundi hadi nguru na jodari, na ndege wa baharini hawakosekani. Hivyo jangwa hili lisilo na hata kisima cha kutegemewa limekaa ukingoni mwa bahari yenye neema kubwa.

Sasa tuje kwa mwenyeji wetu. Kasa anayetaga Ras al Jinz ni yule aitwaye kasa wa kijani, na ukijani huo si wa gamba lake bali ni wa mafuta yaliyomo mwilini mwake. Ana urefu wa mita moja hivi, na uzito wake hupita kilo 100. Huyu si mnyama wa haraka. Jike huchukua miaka ishirini na zaidi, na pengine arubaini, kabla ya kuanza kutaga. Akishafikia hapo hurudi kwenye pwani za upande ule alikoanguliwa yeye mwenyewe. Hatagi kila mwaka, bali hupumzika miaka miwili, mitatu au minne. Msimu wake unapofika hupanda ufukweni mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, na kila mara huacha mayai mia moja kwa makisio. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa wa jinsi gani: mchanga wa moto huleta majike zaidi, na wa baridi huleta madume. Baada ya siku hamsini na kitu hadi sitini hivi vitoto hutoka, na wataalamu wanakisia kwamba katika elfu moja pengine ni mmoja tu anayefikia utu uzima.

Nimesikia katika hotuba zetu watu wakimfananisha kasa huyu na sisi tuliohama, kwamba hata akienda mbali vipi hurudi alikozaliwa. Mimi sipendezwi sana na mfano huo. Kasa hana pasi ya kusafiria, wala hakuna aliyemsimamisha mpakani akamwuliza kabila la babu yake. Yeye anarudi kwa kuwa mwili wake unamrudisha. Sisi tumekaa au tumerudi kwa sababu ya kazi, ya ndoa, ya vita na ya hesabu za mfukoni, na kila nyumba ina sababu yake. Tumwache kasa awe kasa, atatutosha. Ila ndugu zetu wa Abu Dhabi wafahamu kwamba wana fungu lao katika habari hii: kasa waliofungiwa vifaa vya setilaiti katika malisho ya Bu Tinah, magharibi ya Abu Dhabi, wamefuatiliwa wakizunguka rasi ya Musandam na kuja hadi pwani za Ras al Hadd kutaga. Anayekula majani ya baharini kwenu ndiye anayezaa kwetu.

Kasa hupanda Ras al Jinz mwaka mzima, lakini wingi wao ni katika miezi ya joto, takriban Mei hadi Septemba. Huwezi kwenda ufukweni peke yako. Kuna kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2008, chenye jumba dogo la makumbusho, na watu hupelekwa kwa makundi pamoja na mwongozaji, mara moja usiku baada ya Isha, na mara ya pili kabla ya jua kuchomoza. Kutoka kituoni hadi mchangani ni mwendo wa miguu usiozidi robo saa. Hapo ndipo giza linapoanza, na hapo ndipo watoto wa mjini wanapogundua kwamba hawajapata kuliona. Mtoto wa Dubai aliyezaliwa chini ya taa hushika nguo ya mama yake na kuuliza kwa nini nyota ni nyingi hivi.

Kanuni ni chache, na kila moja ina sababu yake. Simu na kamera hazitumiki usiku. Hakuna kurunzi isipokuwa ile ya mwongozaji, na hiyo ni ya mwanga mwekundu hafifu ambao kasa hauoni vizuri. Hakuna kupita mbele ya kasa, hakuna kumgusa, hakuna makelele. Mwongozaji hutangulia peke yake kutazama kama jike amekwisha kuchimba na kuanza kutaga, kwa maana kabla ya hapo ana wasiwasi mkubwa, na jambo dogo humrudisha baharini. Akishaanza kuangusha mayai hutulia, na watu wanaweza kusogezwa nyuma yake, wachache wachache.

Msimu mmoja nilifuatana na familia sita, wakubwa kwa wadogo. Tulikaa mchangani muda mrefu tukisubiri ishara. Mbele yetu tuliona kitu kama jiwe kikitoka majini, kikaja, kikapumzika, kikaja tena. Alikuwa amefika nusu ya ufuko pale mtu wa kundi jingine alipoinua simu yake juu, na mweko mweupe ukatoka. Kasa alisimama. Kisha akageuka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani, akarudi majini. Hakuna aliyesema neno. Mwongozaji, kijana wa pale pale, alisema kwa Kiarabu maneno mawili tu: huyu amekwenda. Si lazima mayai yale yawe yamepotea, kwa sababu jike aliyefukuzwa huweza kupanda tena usiku ule ule au wa pili yake. Lakini akifukuzwa mara nyingi huishia kutaga mahali pabaya, au kuyamwaga mayai baharini, na huko hayana uhai.

Jaala ya Mungu tulipata wa pili. Alikuwa ndani ya shimo lake chini ya jabali, na mayai yakidondoka mawili mawili, meupe, laini, yenye ukubwa wa mpira wa meza. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa mbele yangu aliona machozi mazito yakimtoka kasa machoni.

"Bibi," alinong'ona, "mbona analia?"

"Mjukuu wangu," akajibu bibi yake, "hata mimi nilipomzaa mamako nililia."

Mwongozaji akacheka kimya kimya, maana alikuwa na Kiswahili kidogo cha nyumbani kwao, kisha akaeleza kwamba kasa hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi mwilini hutolewa kwa tezi zilizo karibu na macho. Bibi alisikiliza kwa adabu. Baadaye njiani alimwambia mjukuu wake kwamba maelezo yote mawili yanaweza kuwa sahihi.

Jike akimaliza kutaga hufukia shimo kwa mapezi ya nyuma, kisha huanza kurusha mchanga kwa nguvu huku akisogea mbele, ili pale yalipo mayai pasijulikane. Kazi nzima huchukua saa moja na zaidi, mara nyingine mbili. Anaporudi baharini huacha njia pana mchangani kama ya gurudumu la trekta. Hatawaona watoto wake.

Watoto wenyewe ndio walio hatarini zaidi kwa ajili ya mwanga. Kitoto kikitoka mchangani usiku hakijui bahari iko wapi. Kinachokijua ni kimoja tu: kwenda upande uliong'aa zaidi karibu na upeo. Kwa maelfu ya miaka upande huo ulikuwa bahari, kwa kuwa maji hurudisha nuru ya nyota na ya mwezi, na nchi kavu ni nyeusi. Leo kikitokea kibanda chenye taa ya umeme, au gari lililowasha taa zake kuelekea ufukweni, hesabu ile inapinduka. Vitoto hugeuza njia na kwenda bara. Huko kuna mbweha, kuna kaa, na jua likichomoza hukauka kabla ya saa mbili za asubuhi. Si lazima mtu awe na nia mbaya.

Na hapa niseme lile ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Zipo familia zetu ambazo haziendi kituoni. Hushuka na magari yao usiku kwenye fukwe nyingine za pande za Ras al Hadd, wakawasha moto wa mishikaki, wakaacha taa za magari zikimulika maji, na watoto wakakimbia na kurunzi wakitafuta kasa. Hoja yao naijua: kiingilio cha watu saba au wanane ni kizito kwa mtu mwenye mshahara mmoja, na ufuko ni wa Mungu. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na siidharau. Lakini gurudumu la gari hugandamiza mchanga uliofunika mayai, na ufa linaouacha ni handaki kwa kiumbe chenye urefu wa kidole. Kitoto kikitumbukia humo hufuata ufa hadi kichoke. Kama fedha hazitoshi, wapelekwe mwaka huu wale wakubwa wawili wenye umri wa kuelewa, na wadogo wangoje zamu yao. Mtoto wa miaka mitatu aliyeamshwa usiku ili anyamaze gizani kwa saa mbili hafaidi, na wenziwe hawafaidi naye. Mishikaki inaweza kuliwa Sur.

Wazee watasema, na wamekwisha kuniambia, kwamba sisi watu wa pwani tumekula kasa na mayai yake tangu enzi, na hakukuwa na mlinzi. Ni kweli, kuanzia Lamu hadi Pemba hadi Mafia kasa aliliwa, na gamba la ng'amba liliuzwa mbali. Lakini siku hizo nyavu hazikuwa hizi za nailoni zinazomzamisha kasa kabla hajapata kupanda kuvuta pumzi, wala pwani hazikuwa na taa usiku kucha. Leo sheria za Oman, za Kenya na za Tanzania zote zinakataza kumwua. Tena kuna jambo ambalo wazee wa Pemba wanalifahamu zaidi kuliko sisi: nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu isiyotoka hata ikipikwa. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba kwa kuila, na Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja. Mungu awarehemu. Tuwaambie jamaa zetu kwa simu, mara kwa mara, hata wakituona wasumbufu.

Habari njema ipo pia, na imetangazwa karibu na kwetu. Oktoba 2025, katika mkutano wa uhifadhi uliofanyika Abu Dhabi, kasa wa kijani aliondolewa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda tena. Hilo halikutokea lenyewe. Limetokana na miongo ya kulinda fukwe za mazalio na kuzuia mayai yasichukuliwe, kazi ambayo Ras al Jinz ni moja ya vituo vyake katika Bahari ya Hindi. Isitoshe, daraja hilo ni la dunia nzima kwa jumla, na pwani moja moja ina hesabu yake. Kasa wa jamii nyingine wanaotaga kisiwa cha Masirah, kusini ya hapa, wamepungua sana katika miongo ya karibuni.

Ziara ya alfajiri ndiyo ninayoipendelea mimi. Kasa huwa wachache, mmoja au wawili waliochelewa, lakini mnawaona kwa nuru ya mbinguni, na hapo kamera huruhusiwa bila ya mweko. Ufuko wote umeandikwa njia za usiku, kila kasa na njia yake ya kupanda na ya kushuka. Pembeni yake majabali ya mawe meupe yaliyochongwa na upepo yamesimama kama minara, na mtu akisimama karibu nayo ataliona jua likitoka baharini. Wenyeji hujisifu kwamba wao ndio wa kwanza kuliona katika nchi zote za Kiarabu, na kwa kutazama ramani sioni sababu ya kubishana nao. Mashua za wavuvi hurudi saa hizo hizo. Kisha nendeni kwenye hori ya Jarama kwa kutazama ndege: heroe, korongo, shakwe na wageni wa kaskazi wanaokuja kukwepa baridi ya Ulaya na Asia. Hori ile ina mlango mwembamba, na ndani yake maji yametulia hata upepo ukivuma.

Kuna jambo jingine kwa ajili ya vijana wapendao historia. Kando ya ufuko ule ule wa kasa, wachimbaji kutoka Ufaransa na Italia walianza kufukua mwaka 1985 makazi ya watu waliokaa pale zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walikuta vipande vya lami vilivyokuwa vimepakwa kwenye vyombo vya baharini, na juu yake alama za matete na za kamba zimebaki, na upande wa pili chaza wadogo waliokuwa wamejishika. Maana yake ni kwamba watu hawa walifunga vyombo vyao kwa kamba, kama mababu wa Lamu walivyoushona mtepe bila ya msumari, na kwamba vyombo hivyo vilikaa majini kweli. Pia vilipatikana vigae kutoka bonde la Indus. Vipande vya lami, au mifano yake, watoto watavitazama katika makumbusho ya kituoni, na ni afadhali wavione kabla ya kwenda ufukweni, wakiwa hawajachoka.

Katika kurudi, pumzikeni Sur. Panda mnara wa kale upande wa Al Ayjah, utaona mji umeizunguka hori yake, mnara wa taa mlangoni, na vyombo vimelala. Huku ndiko walikotoka majahazi mengi yaliyoshuka kwa kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kurudi kwa kusi yamejaa boriti za mikoko zilizoezekea nyumba za Ghuba. Jahazi liitwalo Fatah al Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951, limewekwa nchi kavu karibu na karakana, na watoto wanaweza kulizunguka. Mzee yeyote wa familia aliyepata kusafiri na majahazi haya asiachwe nyumbani kwa kisingizio cha uchovu. Mkifika hapo mpeni kiti na mumwache aseme, na mwenye kijana anayejua kuandika ampe kalamu.

Ya kuchukua: nguo nzito moja kwa kila mtu, hata Julai, kwa ajili ya upepo, viatu visivyokusanya mchanga, maji, na tende kwa watoto wanaosubiri. Nguo ziwe za rangi iliyokoza usiku. Msiogelee katika ufuko wa kasa. Ziara ya alfajiri aghalabu hukutana na wakati wa sala, basi muulizeni mwongozaji usiku uliotangulia mtapanga vipi. Vyumba vya kulala kituoni ni vichache, na hujaa mapema siku za mwisho wa wiki, kwa hiyo mwenye nia ya Julai au Agosti apige simu wiki kadhaa kabla. Wakosao watalala Sur, na itawabidi watoke saa tisa na nusu za usiku, taratibu, kwa ajili ya ngamia barabarani. Chai itiwe kwenye chupa tangu jioni, maana saa hiyo hakuna mkahawa ulio wazi.